Mizabibu Aliyoipogoa Noëlla

Candide Vianin alizikwa juma la sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwezi wa kumi na moja, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani na theluji ya kwanza imeshatua juu ya paa la kanisa. Baada ya maziko kijiji kilishuka ghalani kwake kunywa kutoka pipa la babu yake, kama ilivyo desturi. Mjane wake, Ludivine, ndiye aliyesimama penye bilula akijaza kile kikombe kimoja kinachozunguka mkono kwa mkono. Mkono wake haukutetemeka, na watu wakasema ana moyo wa jiwe. Hawakujua kwamba kazi ile ya kujaza kikombe ndiyo iliyomshika asianguke.

Pipa lenyewe ni la mbao za meleze, mti wa milimani wenye utomvu, na tangu lilipotiwa mvinyo wa kwanza halijapata kukauka. Kila majira ya kuchipua huongezwa mvinyo mpya juu ya ule wa zamani, mvinyo mweupe wa zabibu za Rèze peke yake, na wa zamani humfundisha mpya adabu. Mvinyo huo hautiwi chupani wala hauuzwi. Anayeutaka hushuka ghalani, akanywa akiwa amesimama, akaenda zake. Candide hakuwa mtu wa kanisa sana, lakini aliamini kwamba katika kila kikombe kuna tone la babu yake, na tone hilo halifi mradi pipa lijazwe.

Mvinyo wa chupa ulitoka matuta ya chini ya shamba lao la mlimani: zabibu za Fendant, na za Heida kidogo. Huko walifanya kazi wawili, mume na mke. Candide alikuwa ameacha kupiga dawa siku nyingi, kwa sababu aliamini kuwa dawa ndiyo iliyomuua baba yake. Alikuwa akichemsha majani ya upupu na kunyunyiza maji yake, na majirani walicheka wakisema Candide anaipikia mizabibu chai. Tuta la juu kabisa, la Rèze, alilifanyia kazi mwenyewe. Ni jembamba, limening'inia kwenye mwamba kama rafu ukutani. Ludivine alipanda huko wakati wa mavuno tu, majani yakiwa yamefunika kila kitu. Siku nyingine alimwachia mumewe. Alijua kila mtu anahitaji mahali pa kukaa peke yake, na lile tuta alilihesabu kuwa upweke wa Candide, akauheshimu.

Mwezi wa tatu, theluji ilipoyeyuka upande wa jua, Ludivine alichukua mkasi wa marehemu akateremka shambani. Alitaka atazame tu kazi ilivyo, kabla shemeji yake Erasme hajaja kumsaidia kupogoa kama alivyoahidi. Matuta ya chini yalikuwa vilevile yalivyoachwa na vuli, matawi yametawanyika kama nywele za mtu aliyeamka. Akapanda juu.

Tuta la Rèze lilikuwa limepogolewa lote.

Alisimama akashika ukuta wa mawe. Kila mzabibu umebakiziwa ufito mmoja mrefu, na kila jeraha la mkasi limeinama upande, mbali na jicho la mmea, pale chipukizi linapotokea, ili maji yasilitiririkie. Vijiti vilivyokatwa vimefungwa mafungu kwa vitawi laini vya mti uotao kando ya mto, vichwa vikielekea mlimani. Hivyo ndivyo alivyofunga Candide. Kwa muda wa pumzi moja Ludivine aliona furaha isiyo na akili: aliwahi, alipogoa kabla ya kufa. Kisha akagusa jeraha moja kwa kidole. Lilikuwa bichi, na utomvu ulianza kutunga tone.

Erasme alifika akitweta, fimbo mkononi.

"Kumbe umeshaanza, shemeji? Hongera."

"Si mimi. Nilidhani wewe."

"Mimi, peke yangu? Kwa goti hili? Hata ngazi za kanisa nazipanda kwa dua." Aliinama, akakitazama kijiti, akakigeuza. "Aa. Huyu Noëlla huyu."

"Noëlla yupi?"

"Kwani tuna wangapi? Noëlla Epiney, wa mbuzi."

"Na Noëlla kajulia wapi kupogoa?"

Erasme alivua kofia akaanza kuisafisha, ingawa haikuwa na kitu. "Si Candide alimfundisha. Majira ya baridi manne, matano hivi, walikuwa wote huku juu. Mimi nilidhani unajua, shemeji. Kila mtu anajua."

Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyoingia kama mwiba wa samaki, usiomezeka wala usiotemeka.

Hakuwa na wasiwasi wa kitanda. Candide hakuwa mtu wa mambo hayo, na Noëlla na mabuti yake ya mpira naye hakuwa. Laiti ingekuwa hivyo! Angejua la kulia, na wanawake wenzake wangejua la kumwambia. Lakini ukewenza si wa kitanda tu. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa Ludivine mwenyewe alimwambia mumewe, nifundishe kupogoa. Candide alimshika vidole akasema, "Baridi ile itakuharibu mikono, Ludi. Mikono yako ni ya ghalani." Neno lile alilitunza miaka yote kama wengine wanavyotunza pete. Sasa alilitoa akalitazama upya, akaona lilikuwa mlango tu, na mlango ulifungwa ili afunguliwe mwingine. Mikono ya Noëlla haikuonewa huruma na baridi.

Wivu ni moto wa pumba. Hauwaki ukaonekana, lakini ukitia mkono unaungua. Ludivine alikumbuka jioni za baridi, Candide akirudi mashavu mekundu, akila supu yake na mkate mweusi kwa hamu, na yeye akifurahi kwamba upweke umemfaa mume wake. Upweke! Alijiona mjinga hata mbele ya sahani.

Siku ya kuoka mikate alimkuta Noëlla kwenye tanuri la kijiji, unga mpaka viwikoni.

"Dada Ludivine," Noëlla alisema. "Habari za—"

"Nani kakutuma shambani kwangu?"

Wanawake wengine waliinamia kinyunya chao kana kwamba kimewaita.

"Hakuna aliyenituma. Niliona utomvu unapanda. Wewe una msiba, Erasme ana goti. Nikasema niwahi."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Basi mtu mwema hubisha hodi. Asiyebisha ni mwizi."

"Mwizi huondoka na kitu, dada. Mimi nimeondoka na nini? Hata vijiti nimekufungia."

"Umevifunga kama anavyofunga yeye."

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Basi umeshahitimu. Usikanyage tena pale."

Noëlla alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Sawa. Sitakanyaga. Lakini nisikilize neno moja tu. Ile Rèze usije uka—"

"Utanifundisha wewe shamba la mume wangu? Wakati naingia nyumba ile, wewe ulikuwa unafukuzana na mbuzi na kamasi puani. Hata sasa sijui umeacha lipi kati ya hayo mawili."

Mmoja wa wanawake alicheka puani, akajifanya anakohoa unga. Noëlla alifunga mdomo wake, akageukia mikate, na neno lake akabaki nalo.

Kesho yake asubuhi Ludivine alipanda tuta la juu peke yake. Alizitazama zile fito ndefu. Mizabibu ya Fendant kule chini aliijua: Candide alikuwa akiikata fupi, macho mawili kila kichipukizi, basi. Na alikumbuka kwamba kila mwaka mumewe alipanda huku juu mara mbili, mwezi wa tatu na tena wa nne. Akajijibu mwenyewe: mara ya pili ni ya kufupisha. Huyu wa mbuzi alifundishwa nusu ya kazi, nusu nyingine Candide aliizuia. Wazo hilo lilimpendeza kuliko chakula.

Akaanza kukata. Kila ufito aliuteremsha mpaka kwenye macho mawili. Mwanzoni mkono ulisita, kisha ukazoea, na kila mkasi ulipolia alihisi anamtoa mtu nje ya nyumba: hapa toka, na hapa toka. Mafungu yale yaliyofungwa vizuri aliyafungua akavitupa vijiti ovyo chini ya ukuta. Alipomaliza hakubaki hata mzabibu mmoja wenye jeraha la Noëlla. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na aliipenda ile ganzi. Na mimi, alisema moyoni. Na mimi baridi hii nimeiona.

Erasme alipopanda siku chache baadaye alizitazama safu zote mara mbili. Aliketi juu ya ukuta.

"Umefanya nini, shemeji?"

"Nimepogoa."

"Umepogoa Fendant. Hii Rèze." Alikamata kisiki kimoja akamwonyesha kwa ukucha. "Fendant huzaa jicho la kwanza na la pili. Rèze haizai mpaka jicho la nne, la tano. Hapa chini ni majani matupu. Ndiyo maana inaachwa ndefu."

"Candide alikuwa anapanda mara mbili."

"Mara ya pili ni ya kuukunja ule ufito na kuufunga kwenye waya." Alivuta pumzi. "Noëlla hakukuambia?"

Ludivine alitazama bondeni, mto uking'aa kama kisu kilichosahauliwa. "Alitaka kuniambia," alisema.

Mizabibu ililia majira yale kuliko mwaka wowote, maji yakidondoka kutoka kila jeraha mchana kutwa. Kisha ikachipua, na ilichipua vizuri sana. Kiangazi chote tuta la juu lilikuwa la kijani kizito, majani mapana yasiyo na doa, na wageni waliopita njia ya mlima walisimama kupiga picha. Chini ya majani hamkuwa na kitu. Noëlla alipita na mbuzi wake kwenye njia hiyohiyo asubuhi na jioni, na hakuinua uso kutazama. Ludivine angependa acheke. Kicheko kina jibu.

Mwezi wa kumi Rèze yote ilitoka ndoo moja, nayo haijajaa.

Lile pipa halijali msiba wala wivu. Siku ya maziko lilinywewa sana, na mvinyo wa mwisho wa Candide, aliouongeza Ludivine majira ya kuchipua, haukutosha kulifikisha juu. Kisha mbao nazo hunywa fungu lao kiangazi kizima. Ludivine aligonga ubavu wa pipa kwa kifundo cha kidole, akipanda kidogo kidogo, akasikia pale sauti nzito inapokwisha na tupu inapoanza. Tupu ilikuwa kubwa. Mvinyo ukiachwa na hewa nyingi hivyo huchacha ukawa siki, na siki haina njia ya kurudi. Majira ya kuchipua yakipita pipa halijajazwa, babu, baba na Candide wataishia kwenye saladi.

"Tia Fendant," Erasme alisema, akiwa ameketi jikoni kwa Ludivine mbele ya nyama kavu na jibini.

"Wewe ungetia?"

"Mimi? Baba angefufuka anipige fimbo."

"Sasa unanishauri nini?"

"Nakushauri nikisikia unakataa, nijue bado una akili. Kuna mfanyabiashara kule bondeni ana Rèze."

"Ya dawa."

"Ya dawa, ndiyo. Basi amebaki mmoja." Alikata jibini kipande kisichohitajika. "Noëlla ana safu tatu nyuma ya zizi. Safi kama za kwako. Candide ndiye aliyempa vijiti akapanda. Ukitazama vizuri, shemeji, ni mizabibu yako hiyo, imelala kwa jirani tu." Alianza kucheka, akaona uso wa Ludivine, akamalizia kicheko ndani ya kikombe.

Kwa hiyo na vijiti pia. Ludivine alifikiri hakuna kitu kilichobaki cha kumuumiza katika habari ile, na kumbe kulikuwa na chumba kingine nyuma. Wiki nzima alijiambia bora siki. Alishuka ghalani kila siku na kila siku akaondoka na sauti ya ule utupu masikioni. Mwezi wa pili, mchana wa jua kali juu ya theluji, alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa Noëlla.

Noëlla alikuwa anakanda jibini. Hakumkaribisha kiti, wala hakumnyima. Ludivine alibaki amesimama karibu na mlango.

"Nimekuja kwa ajili ya pipa."

"Najua. Ulivyovaa hivyo nilidhani umekuja kuniposa."

"Usinicheke, Noëlla."

"Nicheke nini? Mwaka mzima nakuona unakonda. Kisima ulikitemea mate, sasa una kiu. Si kichekesho hicho, ni kiu." Akageuza jibini, akaikanda upande wa pili. "Nilikuwa nakuambia usikate fupi. Kwenye tanuri pale. Neno lilikuwa hapa mdomoni."

"Najua."

"Ungeniacha nilimalize halafu ndio unitukane. Mbuzi na kamasi zingesubiri."

Ludivine alishika kitasa cha mlango nyuma ya mgongo wake. Kile alichokuja kuuliza hakikuwa mvinyo peke yake, na alijua asipokiuliza sasa ataondoka nacho mpaka kaburini.

"Kwa nini alikufundisha wewe?"

Noëlla alifikiri. Ilionekana kweli anatafuta. "Sijui, dada. Sikumuuliza. Alinikuta naiharibu mizabibu ya mama yangu, akasema njoo kwetu utazame. Nikaja. Nilifurahi tu kwamba kuna mtu ananifundisha kitu."

"Alikuwa anasema nini huko juu?"

"Alikuwa hasemi. Yeye safu yake, mimi safu yangu. Siku nzima labda 'hapana' mara tatu."

Afadhali angesema walikuwa wakiimba. Nyumbani Candide alikuwa akizungumza kutoka supu mpaka kitanda, habari za kodi, za nyuki, za magoti ya Erasme, na Ludivine alimsikiliza akidhani ule ukimya wake, wa kule juu, hakuna binadamu aliyewahi kuugusa. Kumbe kuna aliyekaa ndani yake miaka mitano akikata vijiti. Alihisi moto ule wa pumba ukipanda tena, na hakuona aibu nao. Ulikuwa wake. Lakini alibaki palepale mlangoni.

"Utanipa mvinyo?"

"Nitakupa. Kwa sharti moja. Nitautia mwenyewe pipani."

"Anayetia ni mtu wa nyumba ile."

"Desturi naijua. Na anayetia ndiye anayekunywa wa kwanza, hilo nalo nalijua. Kama hutaki, mlango huo nyuma yako."

Ludivine aliutazama mlango, kweli aliutazama. "Njoo ukiwa tayari," alisema. "Na uvue mabuti ya zizini."

Alikuja mwezi wa nne, mvinyo wake umeshatulia na kuwa mwangavu, ameubeba mgongoni kwenye chombo cha mbao, amevaa viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi. Erasme aliwafungulia ghala akabaki ngazini, maana goti, alisema, linakataa. Ludivine alishika faneli kwenye tundu la juu ya pipa. Noëlla aliinamisha chombo, na mvinyo mweupe wenye rangi ya majani makavu ukaanza kuingia.

Noëlla alimimina kwa haraka ya mtu aliyezoea ndoo za maziwa, macho yake yakitafuta mahali pa kuona umefika wapi, na pipa halina mahali hapo. Ludivine aliinamisha kichwa. Sauti ndani ilikuwa pana, kisha ikaanza kukaza, ikapanda, ikawa nyembamba kama mtu anayepiga mluzi kwa mbali.

"Punguza."

Noëlla alipunguza.

"Kidogo tena. Basi. Simama hapo."

Mvinyo ulisimama upana wa kidole chini ya tundu. Noëlla alilitazama tundu, akamtazama Ludivine, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na kitu ambacho Ludivine alikitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa amekaa nacho mwaka mzima.

"Unajuaje?"

"Nasikia."

"Hilo hakunifundisha."

"Hapana," Ludivine alisema.

Alifunga tundu, akafungua bilula, akajaza kikombe, akampa. Noëlla alikunywa amesimama, polepole, macho amefumba, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyopasa. Kila sekunde ya macho yale yaliyofumbwa ilimkata Ludivine. Alimwacha. Kisha akapokea kikombe, akakizungusha mpaka upande ambao mdomo wa mwenzake haukugusa, akanywa. Aliutafuta mvinyo wa Noëlla humo ndani ili auchukie. Alipata utomvu wa meleze, na lozi chungu, na ukali ule wa zamani unaobaki chini ya ulimi. Mvinyo wa Noëlla hakuupata.

"Vipi?" Erasme aliuliza kutoka ngazini. "Umefaa?"

"Wake bado mchanga," Ludivine alisema.

"Mtu hawezi kujua," Noëlla alijibu. "Umeshachanganyika."

"Mimi najua."

Noëlla alicheka kidogo, akavaa kamba za chombo chake begani. Alikuwa ameshafika ngazi ya pili Ludivine aliposema, akiwa amegeukia pipa anafuta bilula ambayo haikuwa imelowa:

"Rèze unaiachia macho mangapi?"

"Saba. Manane, mti ukiwa na nguvu."

"Na kuukunja?"

"Kuukunja siwezi kukueleza kwa mdomo. Ufito hulia kabla ya kuvunjika, inabidi usikie kwa mkono." Noëlla alisubiri. "Yako ya mwaka huu bado haijaguswa. Imechelewa, lakini haijafa. Nije?"

Ludivine alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya pipa.

"Njoo kesho," alisema. "Na mimi nitakuwepo."